Fahamu: Mwanamke hufikaje Ikulu?

Samia Suluhu Hassan, makamu wa rais wa Tanzania, aliapishwa kuwa rais Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kifo cha Rais John Magufuli kutangazwa. Mwaka 2012, Joyce Banda wa Malawi naye alirithi kiti kutoka umakamu wa rais. Chama tawala kilikuwa kimeshamfukuza, ila katiba ilimlinda. Mwaka 2014 akabwagwa.

Kwa kura njia ni nyembamba zaidi, na kizingiti kikubwa, kwa maoni yangu, ni mchujo wa chama. Netumbo Nandi-Ndaitwah alishinda Namibia mwaka 2024 akibebwa na SWAPO, inayotawala tangu uhuru wa 1990. Kenya, Martha Karua, mwanasheria na waziri wa zamani, aligombea 2013 kupitia chama kidogo. Alipata chini ya asilimia 1.