Mashine ya kwanza ya alizeti: hesabu magunia kabla ya bei

Mkulima wa Singida au Dodoma anayeuza alizeti kwa gunia hujiuliza kwa nini asinunue mashine akamue mwenyewe. Wazo ni zuri, ila wengi huanza kwa kuuliza bei. Swali la kwanza liwe: una magunia mangapi?

Chukua mashine ya dizeli inayokamua kilo 100 kwa saa. Ikifanya kazi saa 8 kwa siku inamaliza kilo 800, yaani kama magunia 12 ya kilo 65. Mwenye magunia 120 anamaliza mbegu zake kwa siku 10. Baada ya hapo mashine imelala na mkopo unadai, isipokuwa majirani walete zao na kulipia.

Kwa mtaji mdogo ipo mashine ya mkono aliyoibuni Carl Bielenberg mkoani Arusha miaka ya 1980. Haili dizeli. Lakini inataka mbegu za ganda laini zenye mafuta mengi, kama Record, zilizopashwa joto juani. Ganda gumu litakuchosha bure.

Ukionyeshwa ya dizeli iliyotumika, usidanganyike na rangi mpya. Nenda na gunia lako likamuliwe mbele yako. Mashine ikishapata moto, minya mashudu kiganjani. Yakiacha mafuta mengi, huenda skrubu imelika. Ulizia bei ya skrubu mpya, kisha uikate kwenye bei ya mashine kabla hujatoa hata shilingi.