Kidonda kimefunga, ubongo bado

Kijana akianguka na pikipiki kati ya Kinna na Garbatulla, nchini Kenya, watu huhesabu siku alizolala hospitalini. Akirudi nyumbani kwa miguu yake, mshono umekauka, majirani huja kumpa pole, chai humiminwa na habari huenea kuwa amepona. Mama yake ndiye anayekuja kugundua, miezi baadaye, kwamba hajapona. Anasahau mbuzi aliotakiwa kuwatenga. Kelele za watoto zinamchoma kichwa mpaka anarusha kilicho karibu. Usiku hapati usingizi. Wengine huanza kuanguka kifafa, na hapo neno jini huingia nyumbani.

Familia kama hizo ndizo zinazonitia wasiwasi ninapoona habari za kutibu ubongo kwa sumaku zikisambaa kwenye simu, maana mtu aliyekata tamaa huuza ngamia upesi.

Tiba yenyewe si uganga. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme ndani ya waya. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliutumia ujuzi huo kwenye kichwa cha binadamu. Waliweka koili ya waya juu ya fuvu, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno, na msuli wa mkono ukaruka bila mwenyewe kukusudia. Fuvu huuzuia umeme, lakini sumaku hupenya. Nguvu yake hufika tesla moja na nusu hadi mbili. Bangili na mikeka ya sumaku inayouzwa mitandaoni haikaribii hata kidogo.

Marekani iliidhinisha tiba hii kwa sonona mwaka 2008. Kwa jeraha la ubongo bado. Watafiti wameijaribu kwa majeruhi wenye sonona, wenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha, hata waliobaki bila fahamu. Vikundi vilikuwa vidogo na matokeo yanapishana. Mimi naitakia heri, kwa sababu shida inazozilenga ni zile zile anazoziona mama wa Garbatulla na ambazo hakuna anayemuuliza.

Lakini mipigo ya sumaku inaweza kuamsha kifafa, na ubongo uliojeruhiwa tayari uko karibu nacho. Tena, mwenye kipande cha chuma kichwani hasogezwi karibu na koili. Katika kaunti ambayo mapigano ya mifugo na malisho yameacha watu na vipande vya risasi mwilini, hilo si jambo dogo.

Udaktari wenyewe umewahi kuumizwa na matumaini yake. Kwa miaka mingi majeruhi wa kichwa walipewa dawa za steroidi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe. Mwaka 2004 matokeo ya utafiti uitwao CRASH, uliohusisha wagonjwa 10,008, yalionyesha kwamba waliopewa dawa hizo walikufa zaidi: asilimia 21 ndani ya wiki mbili, dhidi ya asilimia 18 ya wasiopewa. Dawa iliyopendwa ilikuwa inaua.

Utafiti mwingine wa ukoo huo, CRASH-3 wa mwaka 2019, ulileta habari njema zaidi. Asidi ya traneksami, dawa ya kuzuia damu kuvuja ambayo wakunga wanaijua kwa wazazi wanaovuja damu baada ya kujifungua, ilipunguza vifo vya walioumia kichwa kwa kiasi kidogo au cha wastani, mradi itolewe ndani ya saa 3. Saa hizo ndizo ngumu kuzipata kwa mtu aliyeangukia mbali na hospitali, upande wa Sericho. Ubongo ukikosa hewa au presha ikishuka njiani, unajeruhiwa mara ya pili, na jeraha hilo la pili linaweza kuzuiwa na muuguzi mwenye mtungi wa oksijeni na ambulensi yenye mafuta.

Kabla ya hapo kuna helmeti. Hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wote wavae, lakini abiria wa bodaboda mara nyingi hana hata ya kuazima.

Ninachokitaka kwa Garbatulla ni kliniki ya kumfuatilia mgonjwa baada ya mshono kutolewa: dawa za kifafa zisizokatika, mazoezi ya viungo, na mtu wa kumuuliza mama jinsi mwanawe anavyolala. Na akitokea wa kuwauzia tiba ya sumaku, familia imuulize kama ameiona picha ya ubongo wa mgonjwa, kama anajua historia yake ya kifafa, na kama amehakikisha hakuna chuma ndani. Asipokuwa na majibu, ngamia abaki zizini.