Kabla Hujatia Saini ya Kuondolewa Titi

Fomu ya idhini ya kuondolewa titi mara nyingi husainiwa jioni ya kuamkia upasuaji. Mgonjwa ameshavaa gauni la wodi, ameshaambiwa asile wala asinywe kuanzia usiku wa manane, na muuguzi anamwonyesha mahali pa kuandika jina. Ukimuuliza wakati huo kama angependa kutengenezewa titi jingine, atakujibu, "Daktari, niondoleeni ugonjwa kwanza, hayo mengine tutaona." Jibu hilo lina busara yake. Lakini kesho yake asubuhi daktari wa upasuaji ataamua ngozi kiasi gani ibaki na kovu lipite wapi, na maamuzi hayo ndiyo yatakayofanya hayo mengine yawe mepesi au magumu. Kutengenezewa titi kunaweza kungoja hata miaka. Mazungumzo yake ndiyo hayafai kuahirishwa.

Tunawazungumzia wanawake wengi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti na vifo 3,107. Hakuna saratani nyingine iliyogunduliwa kwa Wakenya wengi kiasi hicho mwaka huo. Wengi wa wagonjwa hawa hawajafika miaka 50. Wana watoto shuleni, wana biashara na wana waume au wachumba. Beth Mugo, aliyekuwa mbunge wa Dagoretti na Waziri wa Afya ya Umma, aliposema hadharani mwaka 2012 kwamba alikuwa ametibiwa saratani ya matiti, wanawake wengi walipata ujasiri wa kuutaja ugonjwa wao kwa jina. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani. Siku hizi ugonjwa tunautaja. Kifua kitakachobaki baada ya matibabu bado tunakizungumzia kwa minong'ono.

Nianze na swali linalotangulia yote: je, ni lazima titi liondolewe lote? Kwa uvimbe mdogo, mara nyingi si lazima. Umberto Veronesi kule Milano na Bernard Fisher kule Marekani waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 20, na mwaka 2002 wote wawili wakachapisha jibu lilelile: aliyetolewa uvimbe peke yake na kupigwa mionzi huishi muda sawa na aliyeondolewa titi zima. Shida yetu ni kwamba wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa au umeshagusa ngozi. Hata hivyo, dawa za kemo zikitangulia huweza kuupunguza uvimbe hadi upasuaji mdogo ukatosha. Muulize daktari wako swali hili waziwazi. Usione haya.

Ikiwa titi lazima liondoke, jambo litakalokuongoza kuliko lolote ni mionzi. Wanawake wengi wanaohitaji kuondolewa titi hapa kwetu huhitaji pia kupigwa mionzi kifuani baadaye, kwa wiki tatu hadi tano hivi. Mionzi huua chembe za saratani zilizojificha, lakini pia huifanya ngozi na nyama za pale kuwa ngumu, na mishipa midogo ya damu hupungua. Kifuko cha silikoni kilichowekwa kabla ya mionzi kina uwezekano mkubwa zaidi wa kubanwa na kovu linalokizunguka, titi likawa gumu kama jiwe, likapanda juu, likauma. Ndiyo sababu kwa mgonjwa anayejua kwamba atapigwa mionzi, wengi wetu madaktari hupendekeza amalize matibabu yote kwanza, apumzike miezi sita hadi mwaka, kisha atengenezewe titi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Kwa yule ambaye hatahitaji mionzi, au ambaye titi linaondolewa mapema kwa kuwa amerithi hatari kubwa ya saratani, kuliondoa titi na kulitengeneza siku moja kuna faida kubwa: ngozi yake huhifadhiwa, wakati mwingine pamoja na chuchu, na hazinduki kutoka usingizini akakuta kifua kitupu.

Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kifuko bandia, ambacho kwa kawaida hutanguliwa na mfuko mtupu unaojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano, kila baada ya wiki moja au mbili, kwa miezi kadhaa, mpaka ngozi itanuke. Upasuaji wake ni mfupi na hakuna sehemu nyingine ya mwili inayokatwa. Lakini kifuko si cha maisha. Huweza kupasuka, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipigwe picha miaka mitano au sita baada ya kuwekwa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya BIOCELL vyenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya tezi za limfu. Ukiwekewa kifuko, omba kadi yenye jina la kampuni, aina na namba yake, uihifadhi pamoja na kitambulisho chako.

Njia ya pili ni kuhamisha ngozi, mafuta na wakati mwingine msuli kutoka tumboni au mgongoni hadi kifuani. Upasuaji wa kutumia nyama ya mgongoni ulielezwa na Mwitaliano Iginio Tansini mapema katika karne ya ishirini. Ule wa tumboni ulienea baada ya kazi ya Carl Hartrampf mwaka 1982. Titi la nyama yako mwenyewe ni laini na lina joto. Ukinenepa linanenepa nawe, ukikonda linakonda. Gharama yake ni upasuaji wa saa nyingi, hasa daktari anapounganisha mishipa ya damu kwa hadubini, pamoja na kovu refu la pili na wiki sita hadi nane bila kubeba ndoo ya maji wala mtoto. Kwa mama anayeishi ghorofa ya tano Kangemi, ambako maji hupandishwa kwa mtungi, wiki hizo ni suala la kupangwa na familia nzima. Si jambo la kuguswa kwa sentensi moja kliniki.

Kuna ukweli ambao picha za matangazo hazionyeshi. Titi jipya kwa kawaida halina hisia, au lina hisia kidogo tu, na halitanyonyesha. Chuchu hutengenezwa baadaye au huchorwa kwa wino. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kupata keloidi, kwa hiyo mwonyeshe daktari makovu yako ya zamani, hata lile la sikio lililotogwa. Na matatizo ya upasuaji si machache. Utafiti uliowafuatilia wanawake 2,343 katika hospitali 11 za Marekani na Kanada, ukachapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika miaka miwili karibu thuluthi moja walipata tatizo la namna fulani, na karibu mmoja kati ya watano alirudishwa thieta. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara na mwenye uzito mkubwa sana wamo katika hatari zaidi. Kidonda kisipopona kwa wakati, kemo nayo inaweza kuchelewa, na hilo ndilo linalotutia hofu sisi madaktari.

Upande wa pili, kuna uvumi ambao ningependa ukome. Kutengenezewa titi hakurudishi saratani, wala hakuifichi isionekane ikirudi.

Sasa nije kwa wengi zaidi, wale watakaobaki bila titi kwa hiari au kwa kukosa njia. Uamuzi huu unastahili heshima ileile. Mwanamke anayesema "sitaki kukatwa tena" hajakata tamaa na maisha. Amepima, ameona mwili wake umetosha kusumbuliwa. Lakini naye azungumze na daktari mapema, kwa sababu kifua bapa kilichofungwa vizuri ni kazi ya ufundi. Daktari anayedhani mgonjwa atarudi kutengenezewa titi huweza kuacha ngozi ya ziada, nayo hubaki ikining'inia kama mkunjo karibu na kwapa, ikisuguliwa na nguo. Mwambie: nataka pawe bapa, pasiwe na mikunjo.

Titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria nalo si pambo tu. Titi lililobaki likiwa zito, upande mtupu hupanda juu, sidiria huteleza, na baada ya muda shingo na bega huanza kuuma. Titi la silikoni hurudisha uzito huo. Kwa wengi bei yake ni kubwa, na hapo ndipo wanawake wenyewe wamebuni njia. Vikundi vya manusura, vikiwemo vya Thika, hufuma matiti ya uzi kwa mkono na kuyajaza nyuzi laini. Ni mepesi, yanafuliwa, na hayachomi ngozi wakati wa joto. Mgonjwa mmoja alinionyesha sidiria yake ya mtumba kutoka Toi Market: fundi wa cherehani alikuwa ameshona mfuko wa pamba upande wa kushoto, wenye mdomo kwenye kwapa ili titi liingie na kutoka bila kuonekana. Mshono ulikuwa nje, usikwaruze kovu. Sijaona kazi safi kuliko ile hata kwenye sidiria za dukani. Tahadhari moja tu: usivae kitu kizito kabla kidonda hakijapona, kwa kawaida wiki sita.

Kisha kuna pesa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya taifa ya afya, NHIF, mnamo Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilianza na shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu zile za kwanza zikiisha. Kemo na mionzi pekee huweza kuzimaliza. Upasuaji wa kutengeneza titi katika hospitali binafsi hufika mamia ya maelfu ya shilingi, na bima nyingi hukataa chochote kinachoitwa urembo. Marekani walilimaliza suala hili kwa sheria ya mwaka 1998: bima inayolipia kuondolewa titi lazima ilipie pia kulitengeneza, kulisawazisha la pili na kununua titi bandia. Mimi naamini Kenya inahitaji kifungu kama hicho. Mguu bandia hauitwi urembo. Titi nalo lisiitwe hivyo. Mpaka siku hiyo, hakikisha barua ya daktari wako inasema ni urekebishaji baada ya saratani, na upate idhini ya bima kwa maandishi kabla ya tarehe ya upasuaji.

Na usijione una hatia kwa sababu ndugu na majirani walikuchangia pesa za matibabu. Nimewasikia wanawake wakisema, "Watu walinichangia nipone, si nipendeze." Anayetaka kutazama kioo bila kugeuza uso hajaomba anasa.

Mwisho ni nani anayeamua. Mume, mama mkwe na mchungaji wana nafasi ya kushauri, lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa mwenyewe haki ya kuelezwa matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na haki ya kukubali au kukataa. Saini inayohitajika ni ya mwanamke mzima mwenyewe. Akitaka mumewe awepo chumbani, vyema. Asipotaka, vyema pia.

Kwa hiyo, ukishapewa tarehe ya upasuaji, rudi kliniki kabla ya kulazwa, uende na mtu wa kukusaidia kuandika majibu. Uliza kama utahitaji mionzi. Uliza kovu litapita wapi. Omba kuonana na daktari wa upasuaji wa urekebishaji hata kama unadhani hutaki titi jingine. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina madaktari hao, na Chuo Kikuu cha Nairobi huwafundisha palepale. Barua ya rufaa kutoka kliniki moja hadi nyingine ni karatasi moja tu, na una haki ya kuiomba.