Je, wajua? Namba iliyoficha vigawo vyake kwa miaka 259

Anza na 1, izidishe kwa 2 mara 67 mfululizo, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Ni namba witiri yenye tarakimu 21, na kwa macho tu huoni pa kuigawia.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitaja namba kadhaa za aina hii akidai kuwa ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hii yenye kipeo cha 67 ilikuwamo. Uthibitisho hakuutoa, lakini nani angembishia? Kujaribu kigawo kimoja baada ya kingine kwa kalamu kungemaliza umri wa mtu.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba Mersenne alikosea. Ajabu ni kwamba hakupata kigawo hata kimoja! Alibuni kipimo ambacho namba tasa hufaulu na isiyo tasa hushindwa, na namba yetu ikashindwa. Basi ikajulikana kwa yakini kwamba ni zao la namba ndogo zaidi, ila hakuna aliyezijua.

Aliyezipata ni Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia. Msaada kidogo alikuwa nao: kila kigawo cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara 2. Bado safari ilikuwa ndefu. Kigawo kidogo kabisa kinajificha kwenye 134 × 1,445,580 + 1, kwa hiyo Cole alihitaji mbinu kali zaidi za kuchuja.

Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akakokotoa namba ya Mersenne upande mmoja. Upande wa pili akaandika 193,707,721 × 761,838,257,287, akazidisha hatua kwa hatua. Majibu yakalingana, na ukumbi ukapiga makofi. Kagua mwisho wake mwenyewe: 21 mara 87 ni 1,827, na namba yetu inaishia na 27.

Kuzidisha kule, mwanafunzi mvumilivu wa darasa la saba anakuweza. Kazi ni kurudi kinyume, na ugumu huohuo ndio unaotumika leo kulinda siri kwenye intaneti, kwa namba ndefu zaidi ya hii mara nyingi.

Kompyuta ya kawaida sasa huivunja namba ya Cole kabla hujapepesa macho. Ukipandisha kipeo hadi 1,277, mambo hubadilika: unapata namba ya tarakimu 385 iliyokwisha kuthibitishwa kuwa si tasa, na hadi naandika haya hakuna aliyetangaza kigawo chake hata kimoja.