Si kila huzuni ni ugonjwa

Siku hizi mtu akigombana na mkubwa wake kazini, husema ana "depression". Lakini kwa daktari, maneno ya Kiingereza ya huzuni hayana uzito mmoja, na yafaa msomaji ayatofautishe.

"Sadness" ni huzuni ya kawaida. Huja kwa sababu na hupungua polepole. "Grief" ni majonzi ya kufiwa. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini peke yake si maradhi.

"Depression" latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugandamiza. Huu ni ugonjwa, nao kwa Kiswahili huitwa sonona. Mgonjwa huwa na huzuni, au hafurahii lolote, karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Pia huenda akakosa usingizi, hamu ya chakula na nguvu, na kujiona hana maana.

"Hopelessness" ni kukata tamaa, yaani kuona kwamba kesho haina jema lolote. Hali hii ni ya hatari kwani yaweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua.

Wengi wakifika hospitalini hulalamikia kichwa na uchovu tu, wakarudi nyumbani na tembe za maumivu. Mweleze daktari yaliyo moyoni, kwa lugha yoyote. Sonona hutibika kwa ushauri na dawa.

Na jamaa yako akisema haoni sababu ya kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku iyo hiyo.