Kijapani kwa Mfuko wa Migori: Kamusi, Simu au Mwalimu?

Kijapani hakiko mbali na Homa Bay kama unavyodhani. Mbita, kando ya ziwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki wamefanya kazi za afya kwa miaka mingi. Lakini ukiwa Rongo au Oyugis na umeamua kujifunza lugha yao, swali la kwanza ni la mfuko: ununue nini, na nini upate bure?

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Utakazozipata kwa urahisi ni kamusi za Kijapani na Kiingereza, kwa hiyo kila neno utalivukia daraja la Kiingereza. Kiingereza chako kikiyumba, na Kijapani kitayumba.

Kamusi ya karatasi

Haihitaji stima wala bando. Inachohitaji ni ujue sarufi kabla hujaifungua. Chukua neno *tabesaserareta*, yaani alilishwa, tena kwa kulazimishwa. Limejengwa kama letu: *taberu* ni kula, *tabesaseru* ni kulisha, *tabesaserareru* ni kulishwa, na *-ta* ya mwisho inafanya kazi ya *-li-* yetu. Kamusini utalikuta chini ya *taberu* tu. Anayeanza atapekua kurasa mpaka achoke, kama mgeni anayetafuta "alilishwa" kwenye herufi A ya kamusi ya Kiswahili.

Kamusi ya simu

Jisho iko mtandaoni bure. Takoboto unaipakua kwenye simu ya Android, kisha unaitumia hata bando likiisha. Zote mbili zinategemea hazina ya maneno iliyoanzishwa na Jim Breen huko Australia mwaka 1991. Andika neno likiwa na viambishi vyake vyote, nazo zitakurudisha kwenye mzizi. Kwa bei, hapa karatasi imeshindwa.

Kasoro yake ni wingi. Tafuta *kakeru* uone maana zaidi ya 20 za Kiingereza, kila moja na kitenzi chake. Sasa sikiliza kwa sikio la Kiswahili: *denwa o kakeru* ni kupiga simu, *airon o kakeru* ni kupiga pasi, *burēki o kakeru* ni kupiga breki. "Piga" yetu imebeba mzigo uleule ambao Kiingereza kimeutawanya. Usitie chumvi, hata hivyo: *megane o kakeru* ni kuvaa miwani.

Mashine ya kutafsiri

Ni ya bure na ya haraka, ila inabahatisha. *Ikimasu* yaweza kuwa nitakwenda, atakwenda, tutakwenda au huenda kila siku, kwa kuwa Mjapani humwacha mtendaji aeleweke kwa muktadha. Kiswahili lazima kichague kiambishi, basi mashine inakuchagulia. Itumie kupata picha ya jumla, usiifanye mwalimu wa sarufi.

Kitabu cha masomo

Irodori, cha Japan Foundation, kinapakuliwa bure pamoja na sauti zake, na kila juzuu lina masomo 18. Gharama inaanzia saiba. Ukichapisha kurasa 20 kwa shilingi 10 kila moja, somo limekula shilingi 200, na juzuu zima 3,600. Soma kwenye simu, uchapishe mazoezi peke yake. Sauti usiziache: *hashi* ni daraja au vijiti vya kulia, kutegemea sauti inapanda wapi. Mwenye Dholuo ameshazoea lugha ya namna hiyo tangu utotoni.

Mwalimu

Huyu ndiye ghali, na ndiye pekee anayesikia kosa lako. Usimlipe akufundishe maana za maneno, kwani hizo unazo mfukoni. Mpelekee sentensi 10 ulizoandika, azikosoe.

Hesabu ya mwisho

Bando la shilingi 20 kila siku ni 600 kwa mwezi na 7,200 kwa mwaka. Kamusi ikishakaa ndani ya simu, sehemu kubwa ya fedha hizo inaweza kumlipa mwalimu. Tenga pia za JLPT, mtihani wa umahiri wa Kijapani unaofanyika Nairobi mwezi Desemba: ada, nauli ya kwenda na kurudi, na malazi ya usiku mmoja.

Mwenye simu na muda aanze na Takoboto na Irodori. Anayejikwaa kwenye Kiingereza anunue kwanza kamusi nzuri ya Kiingereza kwa wanafunzi, hata ya mtumba. Na wote wawili wanunue daftari, walipige mistari ya safu tatu: Kijapani, Kiingereza, Kiswahili. Safu hiyo ya tatu, yenye "piga breki" na "alilishwa", utaijaza mwenyewe kwa kalamu.