Mama Aliyesahau Majina Yetu

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Lukolo hutoka kwake. Basi ni msiba mkubwa mama huyo anapomsahau mwanawe!

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, yako makao ya wazee ya Fungafunga. Hatumlaumu aliyeshindwa kumlea mama yake nyumbani. Usahaulifu huu ni maradhi ya ubongo, si uchawi wala laana, na mlezi mmoja huchoka. Twamlaumu asemaye, "Niende kufanya nini, naye hanijui?"

Umri huo umetajwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 70. Na Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na 24, haikuweka sharti kwamba mzazi atutambue ndipo tumtendee wema. Tena jina likipotea, upole bado huonjwa: mgonjwa hutulia ashikwapo mkono.

Basi nendeni, mmlishe, wala msimtahini kwa kumwuliza, "Wanijua?" Mwambieni, "Mama, ni mimi mwanao," na mrudie kila mara. Naye alitufundisha kusema kwa kurudia, wala hakuchoka.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.